Kubadilishana majogoo: kutunza damu ya kuku wa kienyeji Dodoma bila kubeba kideri

Kwenye kaya nyingi za Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa utakuta kuku kumi hadi ishirini na jogoo mmoja mkubwa ambaye ni baba, na mara nyingine ni baba na babu kwa pamoja, wa karibu kila kifaranga anayekimbia uani. Mayai yakianza kuharibika chini ya koo anayeatamia, au vifaranga wakazaliwa dhaifu na kufa wiki ya pili, lawama huangukia chakula, joto au mwewe. Mara nyingi chanzo ni jogoo huyo. Wafugaji wanalijua hilo, na dawa yao ni kuleta jogoo kutoka mahali pengine. Hapo ndipo balaa la pili linapoingia, maana jogoo anayening'inizwa miguu juu kwenye baiskeli kutoka kijiji cha mbali anaweza kuwa amebeba kideri, ambacho wengine tunakiita mdondo.

Kazi ni mbili na zinavutana. Kundi la kuku linahitaji damu mchanganyiko ili liendelee kuzaa na kustahimili magonjwa, na damu hiyo haiji bila kuku kusafiri. Kirusi nacho kinasubiri safari hizo hizo. Mfugaji anayefanya kazi moja na kuisahau nyingine hupoteza kuku, ama polepole ama kwa siku tatu. Utaratibu ulioelezwa hapa unaziunganisha, na unafaa kwa kaya zinazofuga huria katika mkoa huu wa jua kali na msimu mmoja wa mvua.

Hesabu ya damu

Chukua kalamu. Zidisha idadi ya majogoo kwa idadi ya matetea, zidisha jibu kwa 4, kisha gawanya kwa jumla ya majogoo na matetea. Namba unayopata inaonyesha kundi lako lina thamani ya kuku wangapi kwa upande wa urithi. Jogoo 1 na matetea 10: 1 × 10 × 4 = 40, gawanya kwa 11, unapata 3.6. Una kuku kumi na moja uani, lakini kiurithi hawafiki hata wanne.

Sasa zidisha namba hiyo mara mbili, halafu gawanya 1 kwa jibu. Hicho ndicho kiasi ambacho damu inakaribiana kwa kila kizazi. Kwa jogoo 1 na matetea 10 ni karibu asilimia 14. Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) linashauri isizidi asilimia 1 kwa kizazi, kwa hiyo kaya ya kawaida iko mbali mno.

Wengi hudhani kuongeza matetea kutasaidia. Ukiongeza kumi wakawa 20 kwa jogoo yule yule, unapata 3.8, na damu bado inakaribiana kwa asilimia 13. Hujafanya kitu. Lakini ukibaki na matetea wako 10 ukaongeza jogoo mmoja tu, namba inapanda hadi 6.7 na damu inakaribiana kwa asilimia 7.5. Jogoo mmoja wa ziada ana uzito kuliko matetea kumi, kwa sababu kila kifaranga hupata nusu ya urithi wake kwa baba, na baba wote wakiwa mmoja, nusu hiyo ni ile ile kwa wote.

Kaya tano zikishirikiana, kila moja na majogoo 2 na matetea 10, zinakuwa na majogoo 10 na matetea 50. Hesabu inatoa 33.3, na damu inakaribiana kwa asilimia 1.5. Hakuna mfugaji mmoja wa uani anayeweza kufika hapo peke yake. Ikumbukwe kwamba hesabu hii inachukulia kila jogoo anapanda sawa na mwenzake. Uani haiko hivyo: jogoo mbabe humfukuza mwenzake na kujichukulia matetea karibu wote. Ukiona hivyo, mfungie mbabe bandani siku mbili au tatu kila wiki ili mwenzake apate nafasi.

Kwa nini damu kukaribiana kunadhuru? Kila kuku amebeba vinasaba kadhaa vibovu vilivyofichwa na nakala nzuri kutoka kwa mzazi wa pili. Ndugu wakipandana, nakala mbili mbovu hukutana kwenye yai moja. Dalili huja kwa mpangilio unaofanana karibu kila mahali: kwanza mayai yasiyo na mbegu yanaongezeka, kisha vifaranga wanafia ndani ya ganda, kisha wanaototolewa wanakufa mapema, na mwisho wale wanaosalia wanakua taratibu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa macho. Kuku ana kundi la vinasaba linaloupa mwili uwezo wa kutambua vijidudu, na aina zake ni nyingi. Aina moja inayoitwa B21 inajulikana kwa kumlinda kuku dhidi ya ugonjwa wa Marek, ugonjwa mwingine wa kuku unaoletwa na kirusi, lakini hakuna aina moja inayozuia kila kitu. Kundi lenye aina nyingi likipigwa, baadhi husalia. Kundi lenye aina moja likipigwa, ugonjwa unaompata mmoja unawapata wote kwa mlango ule ule.

Wanyamapori wako chini ya sheria hiyo hiyo. Mwaka 1962 nzi wauma waliongezeka sana katika kreta ya Ngorongoro, na simba wa humo wakapungua hadi takriban kumi. Walioongezeka baadaye walitokana na hao wachache pamoja na madume kadhaa walioingia kutoka nje. Watafiti walipowapima waliwakuta na urithi finyu kuliko simba wa Serengeti, na mbegu nyingi za madume zikiwa na kasoro. Simba wa kreta hawawezi kuletewa dume kwa baiskeli. Kuku wako anaweza.

Duara la kaya tano

Tafuta majirani wanne mnaoaminiana, wasio na kuku wa ukoo mmoja. Kama wote mlinunua kutoka kwa mtu mmoja mwaka juzi, tafuteni wengine. Zipangeni kaya kwa duara: ya kwanza inatoa mapora, yaani majogoo vijana, kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, mpaka ya tano inayorudisha kwa ya kwanza. Katika mabadilishano haya matetea hawahami kamwe. Wanaohama ni mapora tu, na siku zote kwa upande mmoja. Mkigeuza mwelekeo hata mara moja, pora anaweza kurudi kwa dada na shangazi zake. Kaya ikijitoa, inayoitangulia inatoa kwa inayofuata, na duara linaendelea.

Kila kaya iwe na rangi yake. Funga mguuni mwa kila kuku pete ya plastiki laini ya rangi hiyo mara anapofikisha miezi miwili, na pora akihama abaki na pete ya alikozaliwa. Pete iache nafasi ya kupenya ncha ya kidole chako kidogo, na uikague kila mwezi, kwa sababu mguu wa pora unanenepa haraka, na pete iliyobana hukata ngozi na kuleta uvimbe. Pete zikipotea, duara limekufa bila mtu kujua. Andika kwenye daftari: rangi, mwezi aliototolewa, mama yake kama unamjua.

Mapora wote waliozaliwa nyumbani wasiohamishwa wauzwe au waliwe kabla ya kutimiza miezi minne na nusu. Wakiachwa wanaanza kupanda dada zao, na kazi yote inaharibika ndani ya wiki chache.

Mwezi wa kubadilishana uwe Juni. Mavuno yameingia, punje ziko uani, kuku wana nguvu, na miezi mibaya ya kideri, kuanzia Agosti hadi Novemba, bado iko mbele. Fuateni siku hizi bila kuziruka:

Nusu ya kwanza ya Mei, kaya zote tano zichanje kuku wote kwa siku moja au mbili, isipokuwa kifaranga mmoja atakayekuwa kipimo cha karantini, kama inavyoelezwa mbele.

Tarehe 1 Juni, majogoo wa zamani waondoke kwa kuchinjwa au kuuzwa kwa nyama. Msiwapeleke kaya ya tatu. Siku hiyo hiyo mapora wapya, wenye miezi sita au saba, waingie karantini.

Tarehe 1 hadi 21 Juni, uani hakuna jogoo. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa siku 10 hadi 14, na wengine hufika wiki tatu, hivyo mayai ya siku hizi yaliwe au yauzwe. Siku 21 za karantini ndizo siku ambazo mbegu za jogoo wa zamani zinaisha. Kusubiri kumoja kunafanya kazi mbili.

Tarehe 22 Juni, mapora waachiwe kwa matetea. Subiri wiki moja zaidi, kisha kuanzia Julai mosi kusanya mayai ya kuatamiwa. Usiyaweke zaidi ya siku kumi kabla ya kumpa koo, kwa sababu kwa joto la mkoa huu kiini huanza kukua nusunusu na kufa. Chungu kilichozikwa nusu kwenye mchanga wenye unyevu, ndani ya chumba chenye kivuli, kinasaidia.

Kuna mtego mmoja wa utaratibu huu wa mwaka. Matemba, yaani matetea vijana, waliototolewa Julai na Agosti huanza kutaga kati ya Januari na Machi, wakati baba yao bado yuko uani. Mayai yao yasiatamiwe mpaka baada ya mabadilishano ya Juni. Hasara ni ndogo, maana mayai ya kwanza ya temba ni madogo na hutoa vifaranga wanyonge. Ni rahisi kuyatambua kwa ukubwa ukiyaweka kiganjani kando ya yai la tetea mkubwa.

Baada ya miaka mitatu au minne, duara lenyewe linaanza kukaribiana. Leteni mapora wawili au watatu kutoka mbali, mathalani Kondoa au Manyoni, kwa karantini ile ile.

Karantini isiyo ya jina tu

Kumfunga jogoo kamba chini ya mwembe ambapo kuku wengine wanakuja kula naye si karantini. Kinachotakiwa ni banda lake mbali na kuku, upande ambao upepo unatoka kwa kuku kwenda kwake, chombo chake cha maji na cha chakula, na mtu anayemhudumia baada ya kumaliza kuku wa nyumbani, si kabla. Kandambili za banda hilo zibaki mlangoni. Wiki ya kwanza mpe dawa ya minyoo na umkague chini ya mabawa na kuzunguka mkundu kama ana utitiri na chawa.

Hili linalofuata hurukwa na karibu kila mtu. Kuku aliyechanjwa anaweza kuambukizwa kideri asiugue, huku akitoa kirusi kwenye kinyesi na mate. Pora mzima mwenye sauti ya jogoo anaweza kuwa amebeba. Kwa hiyo mweke pamoja naye kuku mdogo wako mmoja wa wiki sita hadi nane ambaye hajachanjwa. Asiwe chini ya wiki nne, kwa sababu kifaranga mdogo bado ana kinga aliyorithi kwenye yai na hawezi kukuonyesha ukweli. Huyo ndiye kipimo chako. Akipoa, akakohoa, akahara kijani au akafa ndani ya siku 21, pora haachiwi, na afisa mifugo wa kata aitwe. Ni uchungu kumtoa kuku mmoja hivyo, lakini anaokoa hamsini.

Kuchagua mapora: uteuzi unaendelea hata usipochagua

Mageuko ya viumbe hayako vitabuni peke yake. Kila kiangazi joto la mchana, ukame na mwewe vinachagua kuku gani atazaa na gani hatazaa. Wewe unaongeza uteuzi wako juu ya huo. Kosa kubwa ni kupeleka mapora wote kutoka kwa tetea mmoja kwa sababu ni mama mzuri. Chukua pora mmoja kwa kila mama, kutoka kwa mama wawili au watatu tofauti, hata kama ndugu wa pili ni mzuri kuliko yule wa mama mwingine.

Kwenye joto, kuku wa kishingo ana faida ya kweli. Kinasaba kimoja tu ndicho kinachovua manyoya shingoni, na nakala moja inatosha kuonekana. Mshike kishingo umtazame kwa mbele: kama ana kishungi cha manyoya sehemu ya chini ya shingo, juu kidogo ya gole, ana nakala moja. Kama shingo ni tupu kabisa mpaka kifuani, ana nakala mbili. Mwenye nakala moja ana manyoya pungufu kwa takriban asilimia 20 mwili mzima, mwenye mbili takriban asilimia 40, na joto linatoka mwilini kwa urahisi.

Hata hivyo usigeuze kundi lote kuwa shingo tupu. Mayai ya kishingo wenye nakala mbili hutotoa pungufu, na usiku wa Juni na Julai Dodoma baridi hushuka hadi karibu nyuzi 14. Jogoo mwenye kishungi kwa matetea wa kawaida atakupa nusu kishingo na nusu wa kawaida, na hiyo ndiyo hali nzuri: kundi lina watu wa joto na watu wa baridi. Wenye manyoya yaliyojikunja, wenye miguu mifupi, wasio na mkia, waache nao wawemo mradi wanazaa. Hujui kiangazi cha mwaka ujao kitamhitaji nani.

Kuhusu chotara wa Sasso au Kuroiler, aina za kuku wa kisasa: kizazi cha kwanza kinakua vizuri na kinauzika, basi kiuze. Usichukue jogoo chotara kuwa baba wa kundi. Ukipandisha kwa jogoo wa kisasa mara moja, damu ya kienyeji inabaki asilimia 50, mara ya pili 25, mara ya tatu 12.5. Vizazi vitatu, yaani miaka mitatu, vinafuta kilichochujwa na ukame kwa mamia ya miaka, na utakuwa na matetea wasioatamia. Funga matetea watatu au wanne pembeni kwa ajili ya chotara wa kuuza, na wengine wote wabaki na majogoo wa duara.

Kirusi nacho kinachaguliwa

Kirusi cha kideri kina maandishi ya urithi yenye herufi kama 15,000 tu, na kinapojinakili hakirudi nyuma kusahihisha makosa. Kuku mmoja mgonjwa hutengeneza virusi visivyohesabika, na wengi wao wana kosa moja au mawili. Makosa mengi hayana maana. Machache hubadilisha ugonjwa.

Sehemu inayoamua ukali ni ndogo mno. Kirusi kina protini juu yake ambayo lazima ikatwe ndipo kiweze kuingia kwenye seli. Kwenye virusi vipole, mkasi unaoweza kuikata unapatikana kwenye utumbo na njia ya hewa tu, ndiyo maana kuku anapata mafua kidogo na kupona. Kwenye virusi vikali, mahali pa kukatwa pamebadilika kiasi kwamba mkasi uliomo katika kila kiungo unaweza kufanya kazi hiyo. Ugonjwa unafika hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo unapoona shingo iliyopinda na mguu uliopooza. Kati ya 1998 na 2002 Australia ilipata kideri kikali ambacho hakikutoka nje ya nchi. Kilitokana na kirusi kipole cha huko huko baada ya mabadiliko machache mahali hapo. Kirusi kipole kinachozunguka bila chanjo ni mbegu ya kirusi kikali.

Sasa fikiria biashara yetu. Kirusi kinachoua kuku kwa siku tatu kinajinyima nafasi: kuku wa uani wakiisha, nacho kimeisha. Hiyo ndiyo breki ya asili. Lakini kuku wawili wakifa asubuhi, tunafanya nini? Tunakamata waliobaki na kuwawahisha mnadani, Msalato au kwingineko, kabla hawajafa. Kwa kufanya hivyo tunaiondoa breki. Kirusi kinachoua haraka hakipotezi kitu tena, kwa sababu kifo cha kuku wa kwanza ndicho kinachowasukuma wengine kilomita thelathini mbele, ndani ya tenga moja na kuku wa vijiji kumi. Kwa hiyo kanuni ya duara iwe kali: kuku akifa ghafla kwenye kaya moja, hakuna kuku anayetoka kaya yoyote kati ya tano kwa siku 21, si kwa kuuza, si kwa mahari, si kwa zawadi ya mgeni. Kubalianeni kabla, mkiwa hamjafiwa. Siku ya msiba wa kuku hakuna mtu anayekubali.

Tone moja la jicho

Chanjo inayofaa vijijini ni ya I-2, inayostahimili joto, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Hapa nchini inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Kustahimili joto hakumaanishi iachwe juani. Ifunge kwa kitambaa kibichi, iweke kwenye kikapu au chungu kivulini, na ukifungua chupa itumie siku hiyo hiyo.

Rudia kila miezi mitatu: Februari, Mei, Agosti, Novemba. Ile ya Agosti ifanyike siku za mwanzo za mwezi. Dozi ni moja kwa wote, jogoo mkubwa na kifaranga wa siku moja: tone 1.

Kama chanjo imekuja kavu ya kuchanganya, usitumie maji ya bomba moja kwa moja, maana klorini inaiua. Tumia maji yaliyochemka yakapoa, kwenye chombo kisicho cha chuma. Pima kwanza dripu yako, yaani kifaa cha kudondoshea: vuta 1 ml ya maji kwa bomba la sindano, yatie kwenye dripu, hesabu inatoa matone mangapi. Ikitoa 30 na chupa ni ya dozi 200, unahitaji karibu 6.7 ml za maji. Dripu zinatofautiana, na mtu anayekisia huishia na chanjo nyepesi au inayokwisha nusu ya kuku.

Anza alfajiri kabla hujafungua banda. Mmoja anashika, mwingine anadondosha. Mlaze kuku ubavu, jicho moja litazame juu. Shika chupa wima kabisa, kwa sababu ukiiinamisha tone linakuwa dogo, na isiguse jicho. Dondosha, kisha ngoja. Utaona tone limekaa juu ya jicho kama kioo, kuku anapepesa mara moja au mbili, tone linazama. Hapo ndipo unamwachia. Likiteleza likaishia shavuni, rudia. Haraka ya hatua hii ndiyo sababu kubwa ya watu kusema chanjo haifanyi kazi. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kujigusa uso, kwani chanjo hii ni kirusi hai na inaweza kukuletea wekundu wa macho kwa siku chache.

Kinga inajengeka ndani ya wiki moja hadi mbili. Usichanje kundi ambalo tayari lina mgonjwa: chanjo haitibu, na mikono yako na dripu vitahamisha kirusi kutoka kuku hadi kuku kabla kinga haijaja.

Ndege wa porini

Msimu wa mvua, mbuga ya Bahi na bwawa la Hombolo hujaa ndege wa majini, na hao hubeba virusi vya mafua ya ndege mara nyingi bila kuugua. Kirusi cha mafua kina urithi uliokatwa vipande 8, na aina mbili zikikutana ndani ya mnyama mmoja zinaweza kubadilishana vipande na kutoa aina mpya kwa siku moja. Bata anayeogelea bwawani mchana na kulala na kuku usiku ndiye daraja. Bata walale peke yao, kuku wanywe maji ya kisima, na ndege waliookotwa wamekufa bwawani wasiletwe nyumbani hata kwa mbwa. Njiwa wa nyumbani wana aina yao ya kirusi cha ukoo wa kideri, kwa hiyo chakula cha kuku kisimwagwe mahali njiwa wanashuka kwa makundi. Mayai ya kanga wa porini msiwape koo.

Kama mdondo umeshapita

Kuku aliyekufa karibuni, ambaye hajaanza kuoza, apelekwe maabara kupitia kwa afisa mifugo: mifuko miwili ya plastiki, barafu kuzunguka, asigandishwe, afike ndani ya saa 24. Mizoga iliyobaki ifukiwe kina cha nusu mita au zaidi, au ichomwe. Kinyesi na matandiko yachomwe, banda lioshwe kwa maji na sabuni kwanza, ndipo lipuliziwe dawa ya klorini, kwa sababu juu ya kinyesi klorini haina nguvu. Toa paa kama ni la majani, jua liingie. Kaa mwezi mzima bila kuku mpya.

Waliopona wasiuzwe kwa hasira wala wasitukuzwe kuwa ni wa damu ya chuma. Huenda walikuwa na kinga ya chanjo ya zamani tu. Wabakishe hata hivyo, kwa sababu ndio damu ya zamani iliyobaki. Kosa la siku hizi ni kujaza kundi upya kwa kununua jogoo mmoja na matetea watatu kutoka tenga moja. Hesabu ya mwanzo inakupa 3 kamili, na damu inakaribiana kwa zaidi ya asilimia 16 kizazi cha kwanza tu. Chukua matetea kutoka angalau kaya tatu za duara au za kijiji cha jirani, na majogoo wawili kutoka kaya mbili tofauti na hizo. Wachanje wote kwao, ngoja wiki mbili, walete, wakae karantini siku 21 na kuku wa kipimo. Wafunge pete mpya siku hiyo hiyo wanayotoka karantini, kabla hawajachanganyika na waliopona.